Pazia la Chumba cha Tulia

"Fumba macho," muuguzi Veronika alimwambia Anyelwisye.

Anyelwisye alifumba. Alikuwa amesimama katikati ya wodi ya wazazi, kofia mkononi, mbele ya wanawake kumi na saba waliogawana vitanda tisa, na hakuna mwanamume anayefurahia kufumba macho mahali kama pale. Alihisi kitu kikimgusa shavu la kulia, kisha kingine shavu la kushoto.

"Kitambaa kipi kinakwaruza?"

"Cha kushoto."

"Basi hicho ndicho ungemnunulia mwanao, maana ndicho kinachong'aa. Fumbua."

Wodi nzima ilicheka. Tusekile, mkewe, alicheka pia, lakini kwa uangalifu, kwa sababu mtoto alikuwa amefungwa kifuani kwake kwa khanga, ngozi kwa ngozi, na kicheko kikubwa kingemwamsha. Tulia alikuwa na siku ishirini na tatu duniani. Alizaliwa kabla ya wakati wake akiwa na kilo moja na nusu, na sasa alikuwa amefika mbili kasorobo. Kila gramu ya nyongeza hiyo Tusekile aliijua kama mkulima anavyojua miche yake.

Veronika hakuwa mtu wa kucheka muda mrefu. Alimvuta Anyelwisye pembeni, karibu na dirisha, akateremsha sauti.

"Jana wameletwa watoto wawili wanakohoa. Wako chumba cha pili, lakini chumba cha pili ni ukuta tu. Huyu wako akikipata kikohozi kile, sitakuwa na la kukwambia. Nataka atoke Ijumaa."

"Nashukuru sana, sista."

"Usishukuru bado. Simtoi kwenye kikohozi nikamtupe kwenye upepo. Nyumba yako ina dari?"

"Haina."

"Dirisha lina kioo?"

"Lina ubao."

"Ubao wenye nyufa?"

Anyelwisye alitazama kofia yake. Veronika akamhesabia mahitaji kwa vidole: godoro dogo, kavu, lisilo na vumbi. Mashuka manne ya pamba. Mablanketi mawili mepesi, siyo moja zito. Nepi za flana. Pazia zito la kuziba dirisha lote, na kitambaa chochote cha kutengenezea dari, ili baridi ya bati isimshukie mtoto usoni.

"Nitakuja Alhamisi jioni nione kwa macho yangu. Chumba kikiwa tayari, Ijumaa naandika ruhusa. Kisipokuwa tayari, hapana."

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tano. Anayeijua Tukuyu ya mwezi wa tano anajua kwamba nguo iliyofuliwa Jumatatu huvaliwa Alhamisi, nayo bado mbichi. Kabla hajaondoka, Tusekile alimshika mkono.

"Baba Tulia, nakuomba. Usinunue vinavyong'aa."

"Mimi?"

"Nimeliona shati ulilovaa siku ya harusi."

---

Miaka hiyo biashara ilikuwa imeachiwa huru, na mji ulifurika nguo za watu tusiowajua. Zamani kidogo ungepanga foleni duka la ushirika upate mita tatu za kitambaa kimoja kilekile kilichovaliwa na mtaa mzima, na ukashukuru. Sasa marobota ya mitumba yalifunguliwa chini juu ya maturubai, na mtu wa Msasani, mtaa wa hapa Tukuyu, aliweza kuvaa koti la posta ya Ulaya akienda kuchimba viazi. Tulilalamika, lakini tulivaa.

Anyelwisye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kazini ushirika ulipoyumba. Sasa alinunua ndizi vijijini na kuwauzia wenye malori. Mfukoni alikuwa na elfu tisa alizopata kwa kuuza redio yake. Alikwenda mnadani Jumatano asubuhi, mvua ya rasharasha ikimnyeshea, na akaanza kazi kama alivyofundishwa: aliokota shuka, akaliweka shavuni, akafumba macho.

"Kaka," muuzaji mmoja akamwita, "unanunua au unabusu?"

Watu wakageuka. Anyelwisye akalirudisha shuka, akasogea mbele hatua kumi, akaokota jingine. Mwanamume mzima wa futi sita anayejipapasa mashavu kwa mashuka ya watu hawezi kujificha mnadani. Vicheko vilimfuata kutoka turubai hadi turubai. Alipofika mahali pa mapazia, aliona seti moja ya rangi ya waridi, yenye marinda mara tatu na nyuzi za fedha zikimetameta hata bila jua. Moyo ukamwenda mbio. Aliliona tayari kwenye dirisha la binti yake. Mkono ulikwishaingia mfukoni.

"Shemeji, hilo weka chini."

Aliyesema alikuwa Mwanaamina, jirani yake wa Msasani, mke wa Yunusu fundi cherehani. Alikuwa na turubai lake palepale, amekaa juu ya kigoda, mwavuli umefungwa kwenye mti nyuma yake.

"Ni zuri," Anyelwisye alisema.

"Ni zuri la kutazama. Lipulize."

Alilipuliza. Pumzi yake ikapita upande wa pili kama hakuna kitu.

"Sasa tazama." Mwanaamina alichomoa uzi mmoja kwenye pindo, akawasha kiberiti, akauchoma. Uzi ukajikunja, ukawa tone jeusi, gumu, linalonuka. "Nailoni. Halizuii upepo, na likishika moto halikuachii nafasi ya kulivua. Njoo huku."

Alimfukulia robota kama mtu anayetafuta sindano. Alimtolea pazia la mahameli ya kijani kibichi, zito, limefifia upande mmoja ambako jua la watu wengine lililipiga miaka mingi. Anyelwisye alilipuliza, pumzi ikamrudia usoni. Alimtolea mashuka meupe ya pamba, laini kwa sababu yalikwisha fuliwa mara mia, yenye kiraka kimoja kimoja. Kisha akavuta gauni la kulalia la flana, refu, pana, la mwanamke ambaye lazima alikuwa na mwili wa kutosha.

"Hili la nani?" Anyelwisye alishtuka.

"La Tulia. Humu mna nepi nane na vishati viwili, na mabaki ya kofia. Flana ya kupimwa dukani hutaiweza. Jaribu shavuni."

Alijaribu. Alikuwa amefumba macho, gauni la kulalia la mzungu limemfunika nusu ya uso, amesahau mvua na watu, maana ulikuwa ulaini ambao hakuwahi kuugusa, wakati sauti aliyoijua iliposema:

"Anyelwisye! Ndiyo biashara huria hii?"

Alikuwa Ackson, aliyekuwa chini yake kazini, na ambaye sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na tumbo la kuthibitisha hilo. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Anyelwisye alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua mdomo ili aseme kwamba gauni si lake, na hapohapo akaona kwamba maneno hayo yangezidi kumharibia.

"Mtoto wangu ni njiti," alisema badala yake. "Muuguzi amesema niweke shavuni."

Kicheko cha Ackson kilikatika. Alisimama kidogo, akakuna shingo, akauliza kama ana misumari ya kutundikia pazia. Anyelwisye alisema hana. Ackson akaondoka bila kuaga, akarudi baada ya robo saa na kikaratasi cha misumari na waya wa kupitishia pazia, akamkabidhi, akakataa kulipwa, na akaenda zake akiwa na uso wa mtu aliyekasirishwa. Wako watu wanaona aibu kuonekana wema. Mungu awazidishie hivyo hivyo walivyo.

---

Yunusu alishona mchana kutwa. Cherehani yake ilikuwa barazani kwake, hatua thelathini kutoka mlango wa Anyelwisye, na siku ile aliweka kando suruali tatu za watu wa shule. Alikata gauni la flana akatoa nepi tisa, siyo nane, akatamba kwa ile moja ya ziada mpaka mkewe akamwambia anyamaze. Alishonea pazia bitana ya kitambaa cha marekani. Mifuko ya ngano ya kitambaa, ile ambayo Mwanaamina alikuwa akiiweka kwa mwaka mzima bila kujua anaiwekea nini, aliifumua, akaiunganisha ikawa shuka moja kubwa, wakaipigilia chini ya mapaa kama dari. Mwenye macho makali angeweza kulala chali na kusoma uzito wa unga kwa herufi za bluu.

Godoro walilijaza sufi mpya, wakalishonea foronya yake. Anyelwisye alipouliza gharama ya ushonaji, Yunusu alitaja bei ya nyuzi.

"Na kazi?"

"Kazi gani? Mtoto wa jirani alale kwenye upepo, mimi nilale usingizi? Acha maneno."

Jioni walilitundika pazia. Lilifika mpaka sakafuni, likafunika dirisha na ukuta wa pande zote mbili, na chumba kile kidogo, ambacho siku zote kilikuwa na sauti ya upepo kama mtu anayepiga mluzi, kikanyamaza. Walisimama watatu wakisikiliza ule ukimya. Anyelwisye alimshika Yunusu mkono kwa mikono yote miwili. Mwanaamina akasema wanaume wana mambo, akaenda kuinjika ugali.

---

Alhamisi saa nne asubuhi, Anyelwisye akiwa ameshapeleka uji hospitali na kuendelea na ndizi zake, Mzee Nsajigwa alifika kutoka kijijini Kisiba. Alikuwa baba yake Anyelwisye, mgane wa miaka mingi, mtu mrefu mkimya aliyetembea na fimbo ambayo hakuihitaji. Alibeba mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa ya mgando, na hamu ya kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mwanaamina alimfungulia mlango kwa ufunguo aliokuwa ameachiwa, akamkaribisha, akaenda mnadani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wa huku wanalijua na wengine hawalijui. Kwa Wanyakyusa walioshika ya zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasalimiani, hawapishani njiani, hawaketi chini ya paa moja pasipo kitu katikati yao. Siyo chuki, ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa na ugumu wake: aliyeivunja alijibu kwa wazee na kuchinja mnyama. Mzee Nsajigwa na Tusekile walikuwa na miaka minne ya undugu na hawakuwahi kusemezana neno. Kila alipokuja kumtembelea mwanawe, mzee alikohoa mara tatu tangu njiani, na Tusekile akatokea mlango wa nyuma na kwenda kwa Mwanaamina. Alimjua mkwe wake kwa kikohozi. Mkwe alimjua yeye kwa upishi, na alikuwa akisema kwa watu kwamba mwanawe ameoa vizuri.

Mzee alizunguka nyumba. Aliingia chumba cha mtoto, akatazama dari ya mifuko, akaipenda. Akatazama pazia, akashangaa. Dirisha lenyewe lilikuwa na ubao wake, limefungwa. Nani anavalisha nguo dirisha lililofungwa? Na nguo nzito namna hii, ndefu, isiyoonyesha upande wa pili! Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akafikiri, na kidogo kidogo uso ukamchangamka. Akaelewa, au tuseme alidhani ameelewa. Kijana wake alijua baba atakuja kumwona mtoto. Alijua mama mtoto hawezi tena kukimbilia kwa jirani na kichanga mkononi. Basi amenunua pazia la kumgawia mkamwana upande wake na baba upande wake, wote wakae chini ya paa moja kwa adabu. Ila vijana wa siku hizi, wamelitundika mahali sipo.

Machozi yalimlengalenga mzee wa watu. Hakuwa amewahi kufikiriwa hivyo tangu mkewe afariki. Alivua koti, akatafuta jiwe la kupigia, na akaifanya kazi ile vizuri sana. Alichomoa misumari mmoja mmoja bila kuipinda, akatandaza waya kutoka ukuta hadi ukuta katikati ya sebule, akalipitisha pazia, akalinyoosha. Kisha akarudisha kiti chake upande wa mlango wa mbele, akaketi kama mgeni mwenye adabu, akasubiri kupongezwa.

Saa saba mvua iligeuka, ikaanza kupiga kutokea upande wa dirisha.

---

Veronika alifika saa kumi na moja, mwavuli mkononi, Anyelwisye akimtangulia na kusema njia nzima jinsi chumba kilivyonyamaza. Alifungua mlango akasimama. Sebule ilikuwa imegawanywa vipande viwili kwa mahameli ya kijani.

"Kalibuni," alisema Mzee Nsajigwa kwa lafudhi ya kwao, akisimama. "Kalibu, mwanangu. Na wewe mama, kalibu."

Veronika alimsalimia mzee kwa kupiga goti kidogo kama ilivyopasa, lakini macho yake yalikwisha pita. Alilisogeza pazia, akaenda moja kwa moja chumbani. Walimsikia akivuta pumzi.

Ubao wa dirisha ulikuwa umepitisha maji kwenye kila ufa. Godoro la sufi, lililokuwa limewekwa chini ya dirisha kwa kuwa ndipo mahali pekee lilipotosha, lilikuwa limelowa nusu nzima. Dari ilitikisika kwa upepo. Nepi tisa zilizokunjwa vizuri juu ya godoro zilikuwa na nukta nukta za maji.

"Nani ameondoa pazia?"

"Mimi," alisema mzee kutoka sebuleni, kwa sauti ya mtu anayengoja asante. "Nimelekebisha. Wao walilitundika dilishani."

Anyelwisye alimtazama baba yake, akalitazama pazia, na akaelewa yote kwa mara moja. Hakuweza kukasirika. Afadhali angekasirika, kwa maana kile alichokuwa nacho kifuani kilimuuma kuliko hasira.

"Taata," Veronika alimwita "baba" kwa lugha ya kwao, akirudi sebuleni na godoro mikononi. Alikuwa Mnyakyusa, naye alijua anaongea na nani na juu ya nini. "Taata, pazia hili si la watu wazima. Ni la mtoto. Mjukuu wako alizaliwa kabla ya siku zake. Upepo ule ukimpiga usiku mmoja, hutamwona tena. Gusa."

Mzee aligusa godoro. Aliupitisha mkono wake mkubwa juu ya foronya iliyolowa, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilionekana anapima udogo wake.

"Ni mdogo hivi?"

"Mdogo kuliko hivi."

"Nilidhani..." alisema, akakoma.

Veronika alihema. Alikuwa na ukali, lakini alikuwa na baba pia, huko Kisiba hukohuko.

"Siwezi kuandika ruhusa kwa chumba hiki. Lakini huko wodini mtoto wa tatu ameanza kukohoa leo asubuhi." Alimgeukia Anyelwisye. "Kesho saa nne nitamtuma mtu apite. Akiniletea habari kwamba pazia liko dirishani na godoro ni kavu, namwachia. Nakuamini wewe. Usinifanye nijute."

Alipoondoka, baba na mwana walibaki wamesimama, kila mmoja upande wake wa pazia, ingawa wao hawakuwa na sababu ya kutengwa.

"Tutalirudisha sasa hivi, baba. Hukujua."

"Liludishe. Na mimi kesho asubuhi naludi kwangu, kabla hawajafika."

"Hujamwona mtoto!"

"Atakua. Nitamwona akijua kutembea, atakuja mwenyewe." Alijaribu kutabasamu. "Nyumba ina pasia moja, Anyelwisye. Ni lake."

Anyelwisye alisema ataomba khanga kwa Mwanaamina watundike. Mzee alisema khanga inaonyesha mtu kama maji ya kisima, na kwamba ameshawasumbua watu vya kutosha. Akachukua godoro, akaenda nalo jikoni kwa Mwanaamina, akakaa mbele ya mafiga akiligeuza na kuligeuza, kama mtu anayechoma ndizi ambayo hataki iungue. Mwanaamina alimletea chai akakataa. Yunusu alileta pasi ya mkaa, akaipitisha kwenye nepi moja moja, na hakuna aliyezungumza juu ya pazia. Hata sasa nikiwakumbuka wale wawili, ambao hawakumuuliza yule mzee swali hata moja, nawashukuru.

---

Ijumaa mzee aliamka na kazi zaidi. Hakuwa tayari kuondoka akiwa mtu aliyeharibu tu. Alichana mabaki ya mifuko ya ngano akawa anaziba kila ufa wa dirisha kwa ncha ya kisu. Akaona mlango wa nyuma nao unapitisha upepo kwa chini, akauziba, na kwa kuwa haukukaa sawa akaupigilia misumari mitatu. Anyelwisye alikwenda posta kumpigia simu mwenye lori la ndizi, akarudi, akamkumbusha baba yake kwamba muda unakwenda. Mzee alisema bado kidogo.

Yule aliyetumwa na Veronika alipita, akaona, akarudi hospitali. Kila kitu kilikuwa kimepangwa: mzee aondoke saa tano, mama na mtoto wafike saa saba. Ila nani amewahi kupanga usafiri Tukuyu ukatii? Pikapu ya mtu aliyekuwa akipeleka mbao ilikuwa inashuka Msasani saa nne na nusu, na Veronika, ambaye hakuacha lifti ipite, alimpandisha Tusekile mbele na kumfunika yeye na mtoto kwa khanga yake mwenyewe.

Pikapu iliwashusha barabarani na kwenda zake. Anyelwisye alisikia mlio, akatoka mbio. Tusekile alikuwa anakuja kwenye kichochoro, khanga kichwani, mikono imekumbatia kifua, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyo na haraka. Alikuwa amebakiza hatua sita aliposikia ndani ya nyumba mtu akikohoa mara tatu.

Alisimama. Aligeuza uso ukutani.

"Pita nyuma," Anyelwisye alisema, kisha akakumbuka misumari. "Hapana. Nyuma kumezibwa."

"Kwa Mwanaamina?"

"Wamefunga. Yeye yuko mnadani, Yunusu amekwenda kujiandaa na sala." Alichungulia ndani. "Baba, wamefika! Toka, yeye ametazama ukutani."

"Natoka, natoka. Ngoja nivae viatu."

Viatu vya mzee vilikuwa buti za mvua, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama tangu alfajiri. Kimoja kiliingia. Cha pili kiligoma. Tusekile alisimama nje, mgongo kwa mlango, akimwinamia mtoto ili matone yamwangukie yeye. Anyelwisye alisimama katikati, mtu asiye na faida, mikono yake ikiwa juu ya kichwa cha mkewe kama kwamba viganja viwili vinaweza kuwa paa. Hakuthubutu kumwambia baba yake aharakishe. Hakuthubutu kumwambia mkewe aingie. Chumba kilikuwa kikavu, godoro lina joto la mafiga bado, pazia limesimama mahali pake, na mtoto aliyetengenezewa vyote hivyo alikuwa ananyeshewa kwa sababu ya kiatu.

Tulia alipiga chafya. Ilikuwa chafya ndogo mno, lakini mzee aliisikia.

Buti la pili lilianguka sakafuni. Mzee Nsajigwa alikuja mlangoni, mguu mmoja umevaa, mmoja mtupu, akashika mwimo wa mlango. Alimwona mgongo mkamwana wake, mwembamba, umelowa, na akaona kwamba unatetemeka.

"Ingia, mwanangu," alisema.

Tusekile hakugeuka. Alidhani hakusikia vizuri. Hakuwa ameambiwa yeye, hajawahi kuambiwa neno na sauti ile.

"Tusekile. Ingia. Mtoto analowa."

Alimtaja jina. Anyelwisye alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, na alilia palepale mvuani bila kujificha.

"Wasee Kisiba nitawajibu mimi," mzee alisema. "Nitachinja kinachotakiwa kuchinjwa. Pita."

Akasogea pembeni ya mlango kumpisha. Tusekile aligeuka, macho chini, akapita mbele yake karibu kiasi cha nguo kugusana, akaingia moja kwa moja chumba cha mtoto. Mzee alibaki amesimama akitazama sakafu, mahali ambapo nyayo za maji za mkamwana wake zilikuwa zimepita. Hakujua sasa kinachofuata ni nini. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

Chumbani, Tusekile alimvua mtoto khanga iliyolowa, akamfuta, akamvika flana, akamlaza, akamfunika. Aliweka shavu lake mwenyewe juu ya shuka, karibu na lile la Tulia, na akalihisi lile joto alilokuwa ameliombea kwa siku ishirini na sita. Halafu akahisi ubaridi kidogo miguuni, unatambaa kutoka sebuleni.

Aliinua kichwa. Alifikiri. Sauti ilimtoka nyembamba mwanzoni, akairudia ili isikike.

"Baba," aliita. "Baba, fungeni mlango. Baridi inamfikia mtoto."

Mzee Nsajigwa alimwingiza mwanawe kwa kumvuta mkono, akaufunga mlango, akausukuma kwa bega mpaka ukakaa. Kisha akakaa kwenye kiti, akainama, akalivua na lile buti moja.